Kijiko Kimoja cha Zeituni

"Nani alikuambia uache vidonge?" daktari aliuliza, na kalamu yake ikabaki hewani juu ya faili, ikingoja jina.

Fundi seremala alikuwa kitanda cha tatu kutoka dirishani, nyaya zimebandikwa kifuani, mikono yake iliyozoea randa na msumeno imelazwa juu ya shuka kama vitu vya kuazima. Hakumtazama daktari. Wala hakumtazama mwanamke aliyesimama miguuni pa kitanda ndani ya koti jeupe, afisa lishe wa kliniki ya moyo, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Aliutazama ukuta.

"Watu tu," alisema. "Maneno ya mtaani, daktari. Si unawajua watu."

"Nawajua mno. Mtaani kuna madaktari wengi kuliko hapa." Daktari alikuwa kijana mpole, na uchovu ulikuwa umemzidi umri. Akamgeukia afisa lishe kwa tabasamu la mtu anayetafuta mwenzake wa kulalamika naye. "Dada, hawa watu wa mtaani tuwafanyeje?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake aliinama, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na baadaye alipoitazama aligundua kwamba alikuwa ameandika tarehe mara mbili. "Tutazidi kuwaelimisha, daktari," alijibu. Sauti ilitoka laini, ya kikazi, haina hata kikwazo, na ulaini huo ndio uliomtia aibu kuliko uongo wenyewe. Kaka yake, mgonjwa wa moyo, aliyeletwa juzi mchana akitokwa jasho la baridi kando ya mbao alizokuwa akizipiga randa, alikuwa amembeba tena mgongoni kama alivyombeba utotoni. Naye alikuwa amekubali kubebwa.

Maana huyo mtu wa mtaani alikuwa yeye.

Kazi yake aliianza vizuri, na hilo halina ubishi. Kila Jumanne asubuhi, kabla majina hayajaanza kuitwa, alipewa dakika kumi azungumze na wagonjwa waliojipanga kwenye mabenchi ya korido. Alikuwa na mambo manane, ameyaandika kwenye karatasi ngumu, na la kwanza lilikuwa kwa herufi kubwa: usiache dawa zako hata ukijisikia mzima. Yaliyofuata yalikuwa chumvi, sigara, kutembea, uzito, mboga, usingizi, na la mwisho kabisa aina ya mafuta ya kupikia. Yote kweli tupu, na yote ya kulaza watu. Kila akifika la tatu, benchi la nyuma lilikuwa limeshaanza kukoroma.

Jumanne moja akaja na chupa ya mafuta ya zeituni na mkate. Akamimina kidogo kwenye sahani, akawaambia wachovye, waonje. Korido nzima ikaamka. Akawaeleza kwamba mafuta haya, mtu akiyatumia badala ya samli na mafuta mengine yanayoganda, huusaidia moyo, na kwa hilo hakupiga chuku, ndivyo wataalamu wanavyosema. Mzee mmoja akauliza, mkate ukiwa bado mdomoni, kama ina maana moyo unafurahi. Naye, kwa kunogewa, akamjibu: "Kijiko kimoja cha zeituni, mzee wangu, moyo unacheka."

Wakacheka wao. Walivuka lango la hospitali wakilirudia neno hilo, na Jumanne iliyofuata walilidai kabla hajafungua mkoba. Wakambatiza Mama Zeituni. Akaanza kualikwa kwenye vikundi vya akina mama, akasimamishwa sokoni apigwe picha. Walimvika kilemba, naye hakujishughulisha kutazama kama ni cha ukoka. Polepole yale mambo manane yakawa matano, matano yakawa mawili, hadi likabaki moja. Alipunguza habari za chumvi ya chakula, akaongeza chumvi katika maneno. Yale maelezo ya "badala ya samli" yalikuwa marefu, hayana mdundo, yakaachwa njiani. Neno la dawa aliliacha kwa sababu, alijiambia, hilo kila mtu analijua.

Kaka yake hakukosa hata mara moja kukaa benchi la mbele siku zake za kliniki. Alikuwa akimgusa kiwiko aliyekaa jirani na kumnong'oneza, kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa: "Huyo mdogo wangu."

Mchana ule, baada ya daktari kupita, afisa lishe alikwenda nyumbani kwa kaka yake kuchukua vidonge, ili ahesabu vilivyobaki. Wifi yake alimpokea, akamwongoza hadi karakana nyuma ya nyumba. Mbao ilikuwa bado imebanwa mezani, nusu laini, nusu ina magamba. Kwenye rafu, mahali ambapo fundi huweka gundi, palikuwa na chupa ya zeituni. Ubavuni ilibandikwa ukanda wa karatasi uliochorwa mistari kwa penseli, yenye nafasi sawasawa, kila mstari siku moja. Kaka yake hakuwahi kukisia kipimo chochote maishani mwake. Hata upumbavu aliufanya kwa rula.

Vidonge vilikuwa kwenye kopo la skrubu, pakiti za miezi mitatu, hazijafunguliwa.

"Mimi nilisema, wifi," mke wa kaka yake alianza, akijifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Nilimwambia, baba, hizi si umeandikiwa? Akanijibu, 'Wewe unaijua kazi hii kumshinda mdogo wangu?' Sasa ningesema nini? Mwenye shule ni wewe."

"Na samli mmeacha?"

"Tuiache kwa nini? Zeituni anakunywa asubuhi, kijiko chake kimoja kama ulivyosema. Samli tunapikia kama kawaida." Akamtazama wifi yake usoni. "Kwani tulitakiwa kuacha?"

Afisa lishe alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na koti lake. Haikupasuka. Ilimbidi amjibu wifi yake kwa maneno ya kawaida, yale yale marefu yasiyo na mdundo: kwamba mafuta ni mafuta, na zeituni ikiongezwa juu ya samli ni mzigo juu ya mzigo, kwamba faida yake ipo pale inapochukua nafasi ya samli, kwamba hata hapo ni chakula kizuri tu, si dawa, na hakuna kijiko kinachoshika zamu ya kidonge. Wifi alisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Haya," alisema. "Ungetuambia hivyo tangu mwanzo, wifi yangu, mbona tungeelewa."

Hakuyasema kwa kulaumu, na ndiyo sababu yaliuma.

Alirudi wodini saa ya kuwaona wagonjwa. Kaka yake alikuwa ameketi, akikagua mguu wa kitanda cha jirani uliolegea, akionekana kukerwa na aliyeuunga.

"Kaka, mimi sikusema uache vidonge."

"Hukusema nisiache." Alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma kipimo kilivyo. "Ulisema moyo unacheka. Nikajiuliza, moyo unaocheka unatafuta nini tena kwenye vidonge? Na vile vidonge vilikuwa vinanipa kizunguzungu. Nikasema, Mungu si Athumani, mdogo wangu kaniletea njia."

"Kwa nini ulimdanganya daktari?"

"Nimemdanganya nini? Nimesema watu. Wewe si mtu?" Akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka kwa sababu mdogo wake hakulipokea. Akashusha sauti. "Sikiliza. Nilishika randa nina miaka kumi na minne ili wewe ushike kalamu. Leo nikunyang'anye kalamu kwa mdomo wangu? Mimi kifua kitapona. Wewe jina lako likiharibika, ni fundi gani atakayelitengeneza?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Usijivue nguo hadharani, bibie. Nyamaza, yatapita."

Kwa muda, na hili ndilo alilolikumbuka baadaye kwa uchungu kuliko yote, alilipima shauri hilo. Lilikuwa tamu. Daktari hajui, wifi hasemi, kaka ameshafunga mdomo. Hapakuhitajika lolote isipokuwa kuendelea kuwa mtu anayependwa. Akamwekea kaka yake maji karibu, akamnyoosha shuka, akatoka. Na miguu yake, ambayo ilikuwa imekwisha kata shauri la kwenda nyumbani, ilipita lango la wodi na kumfikisha kwenye mlango wa daktari.

Alisimulia akiwa amesimama. Daktari alimsikiliza huku akizungusha kifuniko cha kalamu. Alipomaliza, kijana yule hakumfokea. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia, dada. Jumanne lirudishe somo lote." Kisha akaongeza kwa upole, "Mimi mwenyewe nilikuwa nalipenda lile neno lako la kucheka. Nilikuwa nawatania nalo wagonjwa." Aibu ya kugombezwa ingekuwa nyepesi. Hii ya kuhurumiwa alitoka nayo hadi nyumbani, na ikakaa naye hadi Jumanne.

Jumanne hakuja na chupa wala mkate. Alisimama mbele ya mabenchi akiwa na karatasi tu, ameyaandika upya yale mambo manane. Kaka yake alikuwa benchi la mbele, amevaa shati lililonyooshwa, ameruhusiwa asubuhi hiyo hiyo na alikuwa akingoja dawa zake. Alimtazama mdogo wake akatikisa kichwa kidogo mno, ishara ya kumkataza.

"Leo Mama Zeituni mkono mtupu?" mtu alitania, na watu wakacheka.

"Leo sina cha kuonjesha," alisema. "Nina kosa la kusema. Kuna mgonjwa alinisikiliza hapa, akaamini kwamba kijiko cha mafuta kinatosha. Akaacha dawa. Wiki iliyopita nusura afe. Hakukosea yeye. Mimi ndiye niliyesema nusu ya maneno, kwa sababu nusu hiyo mliipenda. Mgonjwa huyo ni kaka yangu, yule pale."

Fundi aliinamisha uso, akaanza kukitazama kidole chake gumba. Mhudumu wa dirisha la dawa aliacha kugonga mihuri. Afisa lishe alingoja wamkemee. Alikuwa amejitayarisha kwa hilo tangu alfajiri, karibu alikuwa analitaka. Machozi yakamtangulia, akayafuta kwa upande wa karatasi.

Ndipo bibi mmoja alipoinuka mstari wa mbele, bibi mwembamba ambaye kwa miaka miwili hakukosa Jumanne hata moja, mwanafunzi wake bora, aliyekuwa akilimalizia lile neno kabla mwalimu hajalimaliza. Alimjia polepole, akamfuta shavu kwa ncha ya kanga.

"Nyamaza, mwanangu, usijitese," alisema. "Kaka yako bahati yake tu ilikuwa mbaya. Mbona mimi vidonge niliacha tangu mwaka jana, na zeituni yako imenishika vizuri?"

Afisa lishe alimtazama. Aliyaona sasa yale ambayo alipaswa kuyaona Jumanne nyingi zilizopita: vifundo vya miguu vilivyovimba juu ya kandambili, na pumzi fupi ya mtu aliyetembea hatua nne tu.

"Bibi, kaa," alisema. Akamsaidia kuketi, akachutama mbele yake, akamshika kiganja pale mshipa unapopiga. "Niambie, mwaka jana lini?"

Bibi alifikiri, akianza kuhesabu miezi kwa vidole. Nyuma yake, kwenye benchi la tatu, mtu alikohoa, akatazama kushoto na kulia, kisha akainua mkono.