Mabonde Mawili

"Umekula maandazi, ukashika sampuli kwa mikono ya mafuta," alisema Mzee Rodrick, msimamizi wa kiwanda, akiuchungulia mchoro kwenye kompyuta. "Rudia."

Justina, mpimaji wa maabara, alirudia. Alikata chembe ya plastiki kutoka gunia jipya, akaifunga ndani ya kisahani kisichozidi ukucha, akaiweka kwenye mashine inayopasha joto polepole. Plastiki inapoyeyuka, mstari wa mchoro hushuka bondeni, kisha hupanda. Plastiki ya mabomba yao ina bonde moja tu, karibu na nyuzi mia na thelathini. Hii ilikuwa na la pili, kwenye mia na sitini.

"Mzee, wametuuzia mchanganyiko."

"Lori limeshapakiwa. Mabomba ya Old Moshi yanapanda mlimani kesho. Weka sahihi kwenye cheti."

Justina akakata kipande cha bomba lenyewe, lililotengenezwa kwa plastiki hiyo, akakibana kwenye mashine ya kuvuta. Kipande kizuri hurefuka kama bigijii. Hiki kilikatika, tap! Kule juu mlimani maji hushuka kwa kasi, na bomba la namna hii lisingefika Krismasi. Shangazi zake wangerudi kubeba ndoo vichwani.

"Sisaini, mzee."

"Wewe! Si uliingia humu na fagio?"

"Ndiyo, mzee. Na nilifagia vizuri."

Aliogopa, maana mwanawe Denis na wadogo zake wanasoma na kazi haziokotwi barabarani. Hata hivyo kalamu hakuigusa. Jioni aliondoka asijue kama kesho geti lingemfungukia.

Asubuhi alimkuta Rodrick mlangoni pa maabara, shati na viatu vimelowa chapachapa. Alfajiri mzee huyo alikuwa amejaza maji bomba moja na kuongeza msukumo, likampasukia usoni. Lori lilikuwa tupu. Mkononi alishika tawi changa la isale, na Mchagga akikujia na isale amekuja kuomba radhi, huwezi kumkatalia.

"Mama Denis," alisema, "nimekukosea. Wewe ndiye uliyeona."

Justina alilipokea kwa mikono miwili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na yeye leo amepewa. Fahari ilimjaa mpaka kooni, wala hakuificha.

Mzee alipokwenda kubadili shati, Justina alichukua kipande cha bomba la zamani, lile zuri, akakijaza udongo, akalichomeka tawi la isale na kukiweka dirishani. Kisha akafungua gunia lingine, akakata chembe. Mstari ukaanza safari yake, umenyooka, ukielekea mia na thelathini.