Pale Video Inasimamaga

"Angalia ile nafasi. Hata camion ya takataka ingepita," papa Tharcisse alisema kwa sauti ya juu, kidole yake ikigonga kioo ya telefone. "Weye ukavuta kamba. Juu ya nini ulivuta?"

"Nilishakuambia, papa."

"Niambie tena. Nilizaa jockey ama nilizaa chauffeur ya corbillard, gari ya maiti?"

Maman Viviane alicheka bila kutaka, akarudisha macho haraka kwenye sufuria ya majani ya sombe.

Tangu jana jioni hii video ya mashindano haikupumzika. Farasi wanatoka kwenye kona ya mwisho, mutangazaji anaita majina mbio-mbio kwa Kifaransa. Mbele kabisa ni Hervé na farasi yake mweusi. Nyuma yake ni Donat, mutoto ya papa Tharcisse, amejikunja juu ya Mirabelle, farasi jike mwekundu. Mara, kati ya ule mweusi na chuma nyeupe ya kando, nafasi inafunguka. Hapo papa anabonyeza. Video inasimama. Kila mara ni hapo, hata kidogo mbele haifikaki, na papa anaonyesha ile nafasi kama muntu anaonyesha polisi mwizi.

"Ulishindwa na urefu wa kichwa ya farasi tu. Bamama ya kanisa bamefunga kula juu yako, weye unashindwa na kichwa."

"Acha iendelee, papa. Kidogo tu."

"Nimeona ya kutosha."

"Hujaona kitu." Donat alishika mgongo wa kiti. Vidole vyake vilikuwa na vidonda pale kamba inapitaga. "Hervé alikuwa na fimbo mukono ya kushoto. Akaibadilisha, akaitia kuume. Farasi ukimupiga kuume anakimbilia kushoto. Na kushoto kuko nini? Kuko chuma. Ningeingia, angetubana pale, mimi na Mirabelle."

"Angekuona, angeacha."

"Fimbo ikiwa juu, hakuna mwenye anaangalia nyuma."

"Bon. Tuseme hivi: uliogopa."

Hiyo neno papa aliitoa kwa patron Florent, mwenye écurie, nyumba ya farasi. Asubuhi alipigia papa telefone, hakupigia Donat. Akasema mutoto aliogopa. Leo, kabla ya usiku, mutoto akubali mwenyewe, aombe pardon, aahidi kwamba dimanche, siku ya mashindano ingine, ataingia kwenye nafasi ya kwanza itafunguka. Akikataa, Mirabelle atapewa jockey mwengine. Na apprenti, jockey mwenye angali anajifunza, akishanyanganywa farasi moja juu ya woga, wenye farasi wengine pia wanamukimbia. Donat alijua ile vizuri kuliko papa yake.

"Sema tu pardon," maman Viviane alisema polepole. "Neno haivunjake mudomo."

"Maman, nikisema niliogopa, dimanche ananituma mahali ile ile. Na hapo siwezi tena kuvuta kamba. Nitakuwa nimeahidi."

Papa alikuwa ameshamupigia patron. Aliweka telefone katikati ya meza, karibu na bakuli ya pilipili, ikalia, ikalia, kisha patron akaitika.

"Bonsoir patron," papa alisema, na sauti yake ikakuwa ndogo, ile sauti ya kazi. "Donat iko hapa. Iko na kitu ya kukuambia."

Donat aliinama juu ya meza.

"Patron, sikuogopa. Hervé alibadilisha fimbo. Uangalie video mpaka mwisho."

Sombe ikachemka.

"Bon," patron alisema. "Usijisumbue dimanche." Na akakata.

Papa alisimama, kiti ikaanguka nyuma yake.

"Mimi nasukuma vitanda ya bagonjwa kule hospitali ya Woluwe. Batu bananigonga beye benyewe, mimi njo nasema pardon. Kila siku. Hiyo pardon njo inakulisha."

"Hainilishe kitu. Mimi, juu ya kilo za jockey, sikulake hapa, papa. Muulize maman tangu lini sijagusa bugali yake."

Maman Viviane aliweka kifuniko juu ya sufuria kwa nguvu.

Donat alichukua casque ya jockey na botte zake kwenye corridor. Botte zilikuwa zingali na matope ya jana.

"Unaenda wapi?"

"Ku écurie. Miguu ya mbele ya Mirabelle inaomba maji baridi, hata kama atapandwa na mwengine."

"Ukitoka, usirudie hapa na huo ujeuri."

Donat alifungua mulango. Baridi ya ngazi ikamupiga usoni, pamoja na harufu ya frites ya jirani. Nyuma yake, kwenye meza, mutangazaji wa video alianza tena: kona ya mwisho, Hervé mbele, Mirabelle anakaribia. Donat alisimama, mukono kwenye poignée ya mulango, akingoja sauti ikatwe pale inakatwaga.

Ikapita pale. Mutangazaji akaendelea kuita majina. Kidole ya papa haikubonyeza.

Donat akavuta mulango, ukafungika.