Alama za Tupa

Shoto hakuwa na ugomvi na kutu. Kutu ilikuta chuma, ikakuta maji, ikafanya kazi yake. Ugomvi wake ulikuwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, yule ambaye ukoo mzima ulimwita Meneja kwa sababu tangu utotoni alipenda kuelekeza kazi asizozifanya. Kwa ajili ya Meneja, Shoto alikuwa amechuchumaa uani tangu asubuhi, beseni la siki mbele yake, akisugua skrubu moja moja kwa mswaki mkuukuu kama mtu anayemsafisha meno mtoto mkaidi. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa barazani. Magauni ya wateja yalimngoja, na wateja wenyewe alikuwa ameshawapa maneno ya kuwatosha.

"Turubai," aliiambia skrubu iliyokuwa mkononi. "Turubai moja tu, limemshinda mwanamume mzima."

Gari lilikuwa la Baba, jeupe, la milango minne, la enzi zile ambazo ukigonga mlango unaumia wewe. Baba alikuwa dereva wa watu maisha yake yote, na hilo ndilo gari pekee aliloendesha bila kuambiwa aende wapi. Macho yalipoanza kumsaliti, aliliegesha kwa Meneja kwa kuwa Meneja ana ua mpana. Akalifunika turubai kwa mikono yake, akafunga kamba kila kona, akasema, "Msilifunue." Kisha Meneja akafanya sherehe ya kuhamia nyumba yake mpya. Wingu likatanda, wageni wakaanza kutazama juu, na Meneja akaona aibu. Akalivua gari turubai, akawatandia wageni vichwani. Wageni wakala, wakashiba, wakaaga. Turubai likaazimwa na jirani, jirani naye akaliazimisha, na mpaka leo linatembea mjini. Gari lilinyeshewa msimu mzima, na hakuna aliyemwambia Baba.

Sasa Baba alikuwa haoni kabisa, na alikuwa akiishi kwa Shoto. Hakuyalilia macho. Fimbo aliipokea, kushikwa mkono mpaka mlango wa choo alikupokea, ila siku moja mezani alisema neno moja tu: gari lipakwe rangi, injini waishughulikie wenye injini, lakini vyombo vya milango atavirudishia mwenyewe, kwa mikono yake. Kisha akae kwenye usukani, ashushe kioo, auvute mlango ausikie unavyojibu. Baada ya hapo hana shida na mtu. Basi fundi wa rangi alipovua vishikio, vitasa, mikono ya kushushia vioo na skrubu zake zote, alivimwaga kwenye ndoo moja, na Shoto alipoifunua ndoo hiyo alidhani amepewa ndoo ya udongo mwekundu.

Baba angeweza kazi hiyo, macho au hakuna macho. Nyumbani kila mtu alijua sababu na kila mtu alishaicheka. Kitu chochote kidogo alichokifungua kwenye gari lile, kabla hajakiweka chini, alikikata alama pembeni kwa tupa. Cha mlango wake, alama moja. Cha mlango wa Mama, mbili. Cha mlango wa nyuma alipokaa Shoto, tatu. Cha Meneja, nne. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akisema kuna siku ataamka akute amekatwa alama mbili sikioni. Lakini haikuwa mchezo. Skrubu za kiwandani zilishakufa zamani, na Baba alizibadilisha moja baada ya nyingine kwa zile alizozipata, kila tundu akalichonga upya limkubali mgeni wake. Ukiilazimisha skrubu ya mlango huu kwenye mlango ule, inakula meno ya tundu na ndio basi tena.

Shoto alikuwa ametaka kuvipanga kwenye makopo manne. Baba akamkatalia. "Usinipangie. Nitapanga mwenyewe." Kwa hiyo aliviacha vimechanganyika, akavilaza kwenye siki mpaka kutu ilegee, akavisugua kwa mswaki, akavisuuza kwa maji ya magadi ili siki isiendelee kula chuma, akavianika, kisha akavipaka mafuta ya cherehani. Kwenye zile alama alipita kwa ncha ya sindano, polepole, mpaka ukucha wake ulipozihesabu. Ndani, harufu ya siki ilimfikia Baba, akazima redio akauliza kama hiyo achari haiivi tu. Shoto akacheka kwa sauti, na moyoni akamlaani Meneja upya, kwa kuwa ilimbidi amfichie dhambi yake.

Meneja alikuja Jumamosi mchana, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Turubai liko wapi?"

"Dada na wewe! Kila siku turubai, turubai. Mimi nimekuja kwa wema." Akachungulia beseni. "Yaani mpaka sasa ndio umefika hapa? Kesho Jumapili. Rangi imekauka, na Mzee nimeshamwambia kesho ndiyo siku."

"Umeshamwambia wewe. Umesugua ngapi?"

"Ndiyo maana nimekuletea hii." Akatoa kwenye mfuko wa plastiki mashine ya msasa ya umeme, mpya, waya wake bado umekunjwa. "Unagusa tu, kinang'aa. Hiyo miswaki yako mpaka mwakani."

"Hiyo itakula alama."

"Alama gani?"

"Alama za Baba! Umezaliwa jana?"

Meneja alipumua kama mtu anayemvumilia mteja. "Dada, tufikirie kikubwa. Tutamkalisha pale, tutampa bisibisi, skrubu tutafunga sisi. Afurahi, aende kupumzika. Haoni, Dada. Hata ukimpa za gari lingine hatajua."

Mswaki ulimpata Meneja kifuani, ukamwachia doa la kutu kwenye shati.

"Rudia," Shoto alisema. Alikuwa amesimama.

"Sikumaanisha vibaya..."

"Hatajua? Ulilivua gari lake nguo ukawafunika walafi wako, hakujua. Ukaliacha linyeshewe msimu mzima unalitazama dirishani ukinywa chai, hakujua. Sasa hata mikono yake umeiona haina kazi? Toka. Toka uani kwangu kabla sijakumwagia hili beseni."

"Kuna nini huko?" Baba aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu, Baba!" walijibu kwa pamoja, kama walivyojibu miaka yote, na hilo nalo likamtia Shoto hasira. Meneja akatoka akipangusa shati, akazidi kulipaka. Mashine aliiacha chini.

Shoto akarudi kuchuchumaa. Akashika skrubu, akasugua. Hatajua. Akaitupa, akashika nyingine. Hatajua! Mswaki ulikuwa unateleza, na ndoo ilikuwa bado nusu. Kesho Meneja angesimama pale uani kwake na saa yake mkononi, angesema si nilisema, na angesema mbele ya Baba. Shoto alimwona kabisa, kidevu juu. Hapana. Kesho angemrushia vitu vyake vinang'aa mpaka macho yamuume, aone kama kuna kazi inayoshinda watu wenye mikono.

Ndani redio ya Baba ilikuwa imepandishwa tena. Akachomeka waya kwenye swichi ya barazani. Akabana kitasa kwa plaizi mkono wa kulia, mashine akaishika mkono wake wa kushoto, akagandamiza. Kutu iliruka vumbi jekundu, chini yake chuma kikatoka cheupe. Kilimpa raha asiyoijua. Kila kipande alichokishika alikuwa amemshika Meneja: hiki cha turubai, hiki cha jirani, hiki cha shati la pasi, hiki cha hatajua. Alikandamiza, akageuza, akakandamiza. Hata vile alivyokuwa ameshavimaliza kwa mswaki alivirudia, maana karibu na hivi vipya vilionekana vimefubaa. Ndoo ilipokwisha alikuwa amelowa jasho na pua imejaa vumbi, na mbele yake vyombo vya gari viliwaka kama masufuria ya bibi harusi. Akavipaka mafuta, akavifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni la mteja. Alikula akashiba, akalala usingizi mzito.

Jumapili Baba alivaa shati lake la zamani la kazi. Uani kwa Meneja walimwekea kigoda kando ya gari, pale mlango wa dereva ulipokuwa wazi, na kwanza alilipapasa gari lote, bodi, paa, taa, akinusa rangi. Kisha akakaa, akatoa bisibisi yake mfukoni, akainyoosha mikono. Shoto alimwekea kile kifurushi mapajani, akamtupia Meneja jicho moja lililosema yote.

Baba alichukua skrubu ya kwanza. Kidole gumba kikapita pembeni mwa kichwa cha skrubu, kikazunguka, kikarudi. Akaiweka chini. Akachukua ya pili, kidole kikazunguka. Ya tatu. Akashika kitasa, akakipapasa kingo zote, akakigeuza, akakipapasa tena kama mtu anayetafuta mlango wa chumba chake gizani.

Hapo ndipo Shoto alipoelewa. Alizikumbuka alama. Alikumbuka ncha ya sindano, na ukucha wake ukihesabu, na jinsi alivyomfokea Meneja kwa ajili ya hizo hizo. Tangu alipochomeka ule waya hakuwa amezikumbuka hata mara moja.

Meneja naye alikuwa ameelewa. Akamtazama dada yake, akalamba midomo. "Baba," alisema, "ile mashine ni ya kwangu. Niliileta mimi."

Wiki nzima Shoto alikuwa akimwombea huyu mtu akiri kosa moja tu, na sasa alikuwa amechagua lisilo lake. Alimchukia kwa hilo kuliko kwa turubai.

"Sijauliza mashine ya nani," Baba alisema. Alikuwa ameushika mkono wa kushushia kioo, kidole kikipita juu ya ubapa wake. "Mikwaruzo inalalia huku. Mtu wa mkono wa kulia hakwaruzi hivi."

Shoto, ambaye ulimi wake ulikuwa unaogopwa mtaa mzima, akauficha mkono wake wa kushoto mgongoni, kana kwamba Baba angeuona.

"Mlidhani sijui habari ya kutu? Siki naijua harufu yake tangu kabla hamjazaliwa. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nasikia mswaki. Nikasema, huyu anayesugua kwa mswaki ataniachia vitu vyangu." Sauti ilianza kupanda. Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Macho yamekwenda. Mama yenu amekwenda. Nilibaki na vidole na alama zangu. Mmening'arishia ili nini? Ving'ae, nivione?"

Akaurusha ule mkono wa kioo. Uligonga mlango uliotoka kupakwa rangi, ukaacha kovu, ukadunda mpaka chini ya gari.

"Nilikasirika, Baba," Shoto alisema.

"Na nani?"

Turubai lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa amelibeba muda wote huo akisubiri swali hili hili, na Meneja alijua, maana alikuwa ameinamisha kichwa tayari. Shoto akalitafuta lile neno, akaona halina uzito wowote. Turubai lilileta kutu, na kutu ilikuwa imeziacha alama.

"Na mtu," alisema.

"Ungempiga huyo mtu."

Meneja alilala chali kuuchokoa ule mkono wa kioo chini ya gari, bila kujali shati. Baba alipapasa chini, akaziokota zile skrubu alizoziweka, akazirudisha kwenye kifurushi mapajani. Hatimaye akamnyooshea Shoto bisibisi bila kugeuza uso.

"Jaribu. Moja moja, kila tundu, kila mlango. Ikigoma usiilazimishe. Itoe."

Akajaribu. Skrubu ya kwanza iligoma mlango wa Baba, ikagoma wa nyuma. "Siyo," Baba alikuwa anasema kila chuma kilipolia, kabla Shoto hajasema. "Siyo. Siyo hiyo. Nimesema toa!" Jua liliwapanda mgongoni. Meneja alishika kitambaa kilichofunguliwa, akimpa dada yake skrubu na kupokea zilizokataliwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuelekeza mtu. Magoti ya Shoto yalikuwa yanamuuma. Bado alikuwa na hasira, ilikuwa imemjaa mpaka shingoni, ila sasa haikuwa na pa kwenda.

Kwenye mlango wa Mama, skrubu moja fupi iliingia. Haikulia. Ilizunguka kwa ulaini, ikashuka mpaka mwisho, na Baba aliyekuwa upande wa pili wa gari akainua kichwa.

"Hiyo. Itoe, niletee."

Akaipapasa. Akachomoa tupa ndogo kutoka mfuko wa shati, ile ile, mpini wake umefungwa kitambaa alichokishona Mama, akampa Shoto vyote viwili.

"Mbili," alisema.

Shoto aliiegemeza skrubu kwenye goti, akaweka tupa pembeni mwa kichwa chake, akakandamiza kama alivyokandamiza ile mashine. Tupa ikateleza ikamchuna kidole. Mkono wa Baba ulikuja ukipapasa hewani mpaka ukaupata ule mkono wake wa kushoto, ukaushika hapo kifundoni, kwa nguvu.

"Polepole. Chuma hakijakukosea kitu."

Akakata. Moja. Akavuta pumzi, akakata ya pili, kwa utulivu aliokuwa nao kabla ya ile mashine. Baba akaichukua skrubu, akaipitishia kidole gumba, akahesabu. Uso wake haukulegea hata kidogo.

"Lete nyingine," alisema.