Siagi Ndani ya Tangi

Lori lilinizimikia saa nne asubuhi, katikati ya mto ulioganda, nikalitukana mpaka matusi yakaniishia. Huku Yakutia, tangu Oktoba hatuzimi injini. Ikizimika yenyewe kwenye nyuzi hamsini chini ya sifuri, umekwisha.

Nilikuwa nimebeba makaa ya mawe ya kupeleka kijijini. Mtunza boila alishaniambia redioni kwamba makaa aliyobaki nayo yangetosha hadi saa kumi jioni tu. Boila hilo ndilo linalopasha joto kijiji kizima; likizimika, mabomba ya kila nyumba yanapasuka, na katika mojawapo yumo mke wangu Tuyaara na mtoto wa siku tisa.

"Nyurgun, baba, taratibu," alisema Mama Ogdo, mama mkwe wangu, aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu.

"Taratibu nini, mama? Dizeli imeganda!"

Ndivyo nilivyodhani. Dizeli mbaya ikipigwa na baridi huwa nzito kama uji uliolala. Nikapasha chujio kwa moto wa gesi. Injini ikanguruma dakika mbili, ikafa. Nikatia chujio jipya. Dakika mbili, ikafa tena. Jamani, nilitaka kulia.

Saa saba nikamwaga dizeli yote, nikachomoa bomba linalonyonya ndani ya tangi. Wavu wa mdomoni mwake ulikuwa umezibwa na kitu cha manjano. Nikakipasha kidogo, kikanukia chapati za maji.

"Mama, umetia nini humu?"

Akainamisha macho. "Siagi. Moto tunaulisha, njia tunailisha, ili vitulinde. Nikaona lori jipya halijalishwa."

"Kiasi gani?"

"Kopo moja. Baba mkwe wako hakulilisha lake, na mto huu ukammeza."

Sikutaka kusikia. "Umeitia wewe, itoe wewe!" nikamfokea mama wa mke wangu. Moto wa gesi ulikuwa mmoja tu, nikaingia nao uvunguni kuyeyusha siagi ya kwenye mabomba mengine. Nilimsikia akikwangua. Vizuri, nikasema moyoni, na achoke.

Nusu saa baadaye wavu ulikuwa safi. Nikamimina madumu ya akiba, injini ikashika, haikufa tena. Mama Ogdo alirudi kitini mikono kaificha kifuani mwa koti. Nikajua amenuna. Na mimi nikanuna, njia nzima.

Tukafika saa kumi kasoro dakika kumi, boila bado linahema. Vijana wakakimbilia makaa, sisi tukaingia nyumbani. Tuyaara akamnyooshea mama yake mtoto.

"Mpe baba yake kwanza," akasema Mama Ogdo.

Tuyaara akamtazama, kisha akamvuta mikono kutoka kwenye koti. Vidole vilikuwa vyeupe kama mishumaa, vigumu, vimeganda kwa baridi, vinanuka dizeli.

"Nani kakwambia uvue glavu, mama?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nani aniambie? Mimi mwenyewe na ukaidi wangu, hunijui?"

Nikampokea mtoto, nikakosa pa kuuweka uso wangu.