Kipande cha Tatu

Nusret alitaka kujenga chini ya mlima, na aliyepewa udongo wa mlima huo aupime alikuwa dada yake, Hasnija, fundi wa maabara. Aliukata vipande vitatu, kama ilivyo desturi. Kila kipande hubanwa kwa maji ndani ya mtungi, kisha hukandamizwa kutoka juu mpaka kivunjike. Kila kimoja huchorewa duara lake karatasini, kubwa kadiri ya nguvu iliyokivunja, na mstari unaoyagusa yote matatu ndio unaosema kama mlima utastahimili.

Maduara mawili yaligusa mstari sawasawa. La tatu lilikuwa dogo, limebaki chini. Kipande chenyewe kilikatika mshazari, uso wake unang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Mkono wangu huu! Nimekikata vibaya," alijisemea, akakitupa. Jamani, mtu na elimu yake! Udongo ulimwambia ukweli, kwamba ulishawahi kuteleza humo ndani, yeye akadhani ni kosa la kisu.

"Jenga, mdogo wangu," alimwambia Nusret.

Mwaka wa pili, mvua ya Mei ilinyesha siku nne mfululizo, mlima ukaporomoka. Nusret alikuwa kazini. Mkewe, Azemina, alikuwa jikoni.

Baada ya arobaini, Hasnija alimkuta Nusret kwenye chumba cha kupanga, akimimina kahawa. Kwenye sinia vikombe vitatu: chake, cha dada yake, na cha mgeni, kile cha ziada kisichokosekana katika nyumba ya Mbosnia.

"Azemina kwa hiki alikuwa mkali! Ukikisahau, unasimangwa mpaka jioni," Nusret alisema, akacheka, kisha akalia. "Usikonde, dada. Ni kudra. Ulipima mwenyewe, ningemwamini nani tena?"

Hasnija angeweza kunyamaza. Faili lilikuwa na maduara mawili tu, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini moyo ulimuuma, akashindwa.

"Nusret, vipande vilikuwa vitatu. Cha tatu kilikuwa dhaifu. Nilikitupa, nikidhani nimekiharibu mimi."

Laiti angepiga kelele! Nusret alikichukua kikombe cha dada yake, akakimwaga, akakifuta, akakirudisha kabatini. Akamimina kahawa katika kile cha ziada, akamsogezea.

"Kunywa, mama," alisema. "Mgeni hanyimwi kahawa."