Leo Tuko Wazi

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaketi, Shakila alipeleka sahani ya pilau kwenye dirisha la mgahawa wa mama yake, mtaani Buhene, kaskazini ya uwanja wa ndege wa Goma, akaiweka penye mwanga na kuipiga picha. Picha moja tu. Wenzake katika biashara hiyo waliwapaka samaki mafuta ili wang'ae, na kuna mmoja aliyeazima picha ya wali wa hoteli ya Dubai akaiita yake. Shakila hakuwa na mchezo huo. Sahani aliyoipiga picha ndiyo aliyopewa mtu wa kwanza kuingia, na kama ilikuwa imepasuka ukingoni, ufa nao ulitangazwa.

Sheria yake ilikuwa moja, na alikuwa mkali nayo kuliko mwalimu wa madrasa: kisichokuwa chunguni hakitangazwi. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakiisha saa sita, aliacha kila kitu akaandika kwenye ukurasa wake kwamba wameisha. Wapo waliosema binti huyu anafukuza wateja kwa kidole chake mwenyewe. Lakini madereva wa Rutshuru walimsoma wakiwa bado njiani, wakajua kabisa watakula nini. Siku za Ijumaa aliandika kwa urefu kwenye blogu, habari za mama yake, Mama Mwasiti, aliyeletwa Goma kutoka Kasongo akiwa bibi arusi, na bizari imefungwa kwenye pindo la kanga. Mtu anayeweza kumfanya dereva mwenye njaa asome habari ndefu kwenye simu mpaka mwisho anastahili kuvuliwa kofia.

Alikuwa na desturi nyingine. Jioni, mchele ukishanunuliwa na mama akishatwanga sombe, yale majani ya muhogo, aliandaa tangazo la kesho na kuiachia simu ilitume yenyewe saa moja asubuhi. Ndivyo alivyofanya Jumamosi ile ya mwezi wa tano, mwaka 2021. Baada ya magharibi mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na kabla ya kupambazuka mgahawa, nyumba iliyokuwa nyuma yake, na kitanda cha mbao nzito cha Mama Mwasiti vilikuwa chini ya mwamba mweusi uliokuwa bado unafuka moshi.

Mama na binti walikuwa njiani kwenda Sake kwa miguu, pamoja na watu wengi wa mji, simu ilipolia. Tangazo lilikuwa limekwenda. *Leo tuko wazi. Kuko pilau, sombe na sambaza. Karibuni.* Shakila aliona haya kuliko alivyoona hofu. Ulikuwa uongo wa kwanza wa ukurasa ule, na kabla hajaufuta, simu ikazimika.

Alipopata mahali pa kuichaji, alikuta dereva mmoja, Assumani, ameacha maoni na picha ya sahani iliyokombwa. "Sombe ya leo iko muzuri kupita ya jana," aliandika. "Lakini hakukuwa mutu wa kupakua. Nimejipakulia."

Ilivyokuwa ni hivi. Ukurasa haukuwahi kudanganya, na mahali penyewe palikuwa pamezoea kuufuata. Mchele ulikuwapo, sombe ilishatwangwa, na moto, usiku ule, haukukosekana Buhene. Assumani alifika kwenye mwamba akiwa na tangazo mkononi, akaona ngazi zinashuka, naye akashuka. Alisema dirishani mle aliona mtaa kama ulivyokuwa Jumamosi asubuhi, pamoja na mbuzi wa majirani.

Watu waliporudi mjini, mgahawa ulifunguka kila siku iliyotangazwa, kwa kila aliyekuja kwa ajili ya tangazo. Asiyesoma alipita juu ya mwamba, akaenda zake. Shakila na mama yake waliteremsha mchele asubuhi, wakapika, wakapakua, wakaosha vyombo. Jirani yao Kasoki, mshonaji kutoka Butembo ambaye duka lake lilifunikwa pia, alikuja siku moja na cherehani aliyoazima, akaketi mezani bila kuagiza kitu.

"Na miye uniandike," alisema. "Mulango yangu ilikuwa ya bleu. Usisahau."

Shakila aliandika juu ya mlango wa buluu, gauni za harusi zilizoning'inia, na jinsi Kasoki alivyokuwa akipima kiuno cha mtu kwa jicho tu. Watu walisoma, na wiki ileile wanawake wawili walishuka kupimwa. Nyumba zilizokuwa na mtu wa kuzisimulia zilifunguka. Nyingine, na ndizo zilizokuwa nyingi, zilibaki mwamba.

Tatizo lilikuwa jioni. Wasomaji walipopungua, kuta zilianza kugeuka mawe, taratibu, kuanzia jikoni, na ilibidi kutoka. Mahali pale palifunguka kwa ajili ya wateja. Wenyewe hapakuwajua kama wakazi. Wenyewe walilala Kanyaruchinya, kwenye hema la turubai lililosimamishwa juu ya mawe ya mlima huohuo, na baridi ya pale ilimwingia Mama Mwasiti magotini na kifuani. Kila jioni, kabla ya kupanda ngazi, alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma akakitazama kitanda chake. Shuka ilikuwa imetandikwa vilevile.

"Usiku moja tu," alimwambia binti yake. "Nilale usiku moja mu kitanda yangu, kisha Mungu afanye ile anataka."

Shakila hakulala kwa kuwaza jambo hilo. Alimpenda mama yake waziwazi, mbele ya watu, na kikohozi kile kilimuuma kana kwamba ni kifua chake. Alijaribu kutangaza mara mbili kwa siku, akajaribu picha za kahawa ya jioni. Kuta zilichelewa kidogo, kisha zikaendelea na kazi yake.

Jawabu lilikuja lenyewe. Jioni moja, bila nia yoyote, aliuliza kwenye ukurasa: sombe ni ya mawese ao ya karanga? Benny, mdogo wake Kasoki, aliyekuwa Montréal ambako jua lilikuwa bado juu, alijibu kwamba ni mawese na mjadala umefungwa. Mjadala haukufungwa. Mama mmoja wa Brussels alisema mtu wa mawese hakulelewa. Wa Kampala wakaingia, wa Lubumbashi wakachukia, Benny akajibu kila mmoja kwa jina. Ilipofika saa nne usiku Shakila aligundua kwamba ukuta wa jikoni ulikuwa bado ukuta. Aliugonga kwa ngumi. Ulikuwa matofali na chokaa.

Mama Mwasiti alilala kitandani kwake mpaka asubuhi. Hakukohoa hata mara moja.

Tangu hapo Shakila aliuliza swali kila jioni, na aliyachagua maswali yake kama fundi anavyochagua mbao. Swali lisiwe la siasa, maana hapo watu hutukanana na kuondoka. Liwe la tumbo, kila mtu awe na mama yake wa kumtetea. Mahindi ya kuchoma ao ya kuchemsha? Chai ni sukari kwanza ao maziwa kwanza? Watu wa nchi za mbali waligombana kwa furaha, na juu ya ugomvi wao mwanamke mzee alikuwa amelala usingizi wa pono. Matangazo mengi duniani yamewahi kumfaidisha nani namna hiyo?

Mwaka uliofuata alikuja Papa Namegabe, mtu wa komisheni iliyoandikisha waliopoteza nyumba zao, wale ambao serikali iliwaita *sinistrés*. Alishuka ngazi, akala sambaza, akajifuta mdomo kwa kitambaa chake.

"Mama, chakula iko muzuri sana," alimwambia Mama Mwasiti. "Lakini siwezi kuwaandika. Ninyi kila asubuhi munasema muko wazi. Mutu mwenye iko wazi hakupoteza kitu."

"Juu yetu kuko mwamba," Shakila alisema.

"Niliuona. Nimepita juu yake." Alikuwa mtu wa heshima na alitaka aeleweke. "Funga ukurasa, dada, na kesho nawaandika."

"Bale mulisha kuandika, balipata nyumba?"

Papa Namegabe alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Bado," alisema. "Banavumilia."

"Basi na siye tutavumilia, lakini tukiwa wazi."

Aliongezewa sambaza.

Waasi walichukua Bunagana, kisha Rutshuru, na madereva wakaacha kuja. Kanyaruchinya, palipokuwa na hema za watu wa lava, pakajaa watu wa vita mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Shakila aliandika ukweli: leo hakuna pilau, njia imefungwa, kuko sombe peke yake. Watu walishuka na kula sombe. Kwa namna hiyo miaka ikasogea.

Mwisho wa mwezi wa kwanza wa 2025 vita viliingia mjini. Alfajiri ile Shakila alikuwa amepanda kutafuta maji, mama yake amelala chini, na wa Montréal wakiendelea kubishana juu ya kaukau za kukaanga, za ndizi ao za viazi. Umeme ukakatika, kisha mtandao. Aliporudi na kidumu chake hapakuwa na ngazi. Palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba risasi zilikuwa zinapita.

Kasoki alimkuta amelala kifudifudi kwenye ufa wa lava, sikio juu ya jiwe. Akatua furushi lake, akalala kando yake. Shakila aliogopa, hata usiku wa moto hakuogopa hivyo, kwa sababu usiku ule mkono wa mama yake ulikuwa ndani ya mkono wake. Aliita, na jiwe halikujibu. Lilikuwa la baridi kama jiwe lolote. Siku zilipita wakiwa pale, wakinywa maji ya kidumu kwa kifuniko, na kutoka upande wa mji ilikuja harufu ambayo hawakuitaja.

Mtandao ulirudi alasiri moja, dhaifu. Simu yote ikajaa majina ya watu waliotafutwa.

"Andika muko wazi," Kasoki alisema.

Kidole cha Shakila kilikuwa juu ya herufi. Hakikushuka.

"Sijui nini iko mu chungu," alisema.

"Shakila, ni mama yako. Andika tu."

"Kama ninadanganya leo, hapa patabaki jiwe mpaka siku ya kiyama." Machozi yalimtoka bila kujificha, lakini aliiweka simu chini. "Uko na nini mu furushi?"

Kasoki alikuwa na maharage, akiba yake ya mwisho. Walivunja mti mmoja wa hema lililoachwa jirani, wakawasha moto katikati ya mawe, wakateleka kisufuria na maji yaliyobaki. Maharage ya Rutshuru hayana haraka na mtu. Walikaa wakiyatazama, chaji ya simu ikishuka, Kasoki akisali rozari yake na Shakila akisoma dua yake, na hakuna aliyemharakisha mwenziwe. Yalipoiva, Shakila alionja moja kwa meno ya mbele, akapakua, akaisogeza sahani penye mwanga. Akapiga picha moja.

*Leo tuko wazi. Kuko maharage. Chumvi hakuna.*

Ngazi zilikuwapo. Mama Mwasiti alikuwa anazipanda polepole, akifunga kanga yake, uso una alama ya mto.

"Mbona hamukuniamsha?" aliuliza. "Jua lote hii." Akamtazama binti yake, nywele zake, magoti yake yaliyochunika. "Na wa kaukau, nani alishinda?"

"Bado banabishana, mama," Shakila alisema, akamshika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu.

Katika Goma nzima Mama Mwasiti alikuwa mtu pekee aliyelala siku zile. Watu walioliona tangazo walianza kufika na sahani zao, wengine kutoka mbali. Waligawiwa mpaka sufuria ikakwanguliwa, na Shakila akaandika kwamba maharage yameisha.

Baadaye wakubwa wapya, wale waasi walioushika mji, walisema hema za Kanyaruchinya zivunjwe, kila mtu arudi kwake. Wengi hawakuwa na kwao, wakabeba turubai zao wakaenda kusimama barabarani. Halafu akaja mtu wa komisheni mpya. Alikuwa kijana kuliko Papa Namegabe, na viatu vyake vilikuwa vizuri zaidi. Alishuka ngazi, akala sombe, akasifu. Kisha akaeleza kwamba waliopoteza nyumba wataandikishwa upya, lakini mahali palipo wazi hapawezi kuhesabiwa kuwa pamefunikwa. Shakila alimuuliza kama walioandikwa zamani watapewa kitu. Alijibu kwamba wanaombwa kuvumilia.

Alipoondoka, giza lilikuwa linaingia, na ukuta wa jikoni umeanza kuwa wa kijivu. Mama Mwasiti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, anavua viatu. Kasoki alizima jiko.

"Waulize kitu ya nguvu leo," alisema. "Bagombane vizuri."

Shakila alifikiri kidogo, akaandika: ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria, ni wa nani?

Benny alijibu wa kwanza kwamba ni wa mama. Wengine walimpinga mpaka asubuhi.