Hongera za Baba Chiriku

Asubuhi mama alimlaza Chiriku kwenye mkeka sebuleni, akamkunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena, huku mtoto akimsimulia visa vya paka wa jirani bila kuvuta pumzi. Baada ya hapo walikwenda kwenye korido, mtoto akashika ukuta na kujaribu kusogea. Ndivyo mtaalamu wa viungo alivyoelekeza. Baba alikuwa mezani akinywa chai. Kliniki hakuwahi kwenda, kwa kuwa harufu ya dawa ilimchafua roho.

Siku Chiriku aliposimama mwenyewe, shangazi alikuja mbio akampa baba mkono.

"Hongera kaka! Umepigana kweli kweli!"

Baba akarefuka. Hakurefuka sana, suruali tu ilipanda juu ya vifundo. Mama akaifumua upindo, akaishona upya, akarudi kwenye goti.

Watu wa pale hupeleka hongera za mtoto kwa baba, na Chiriku alikuwa mtoto wa kujituma. Aliposogea hatua ya kwanza, baba alianza kuinama mlangoni. Alipovuka sebule, kitanda kilimshinda, ikabidi alale kwenye korido, miguu ikigusa mlango wa nje.

Mama alimweleza mtaalamu.

"Ni kawaida," alisema yule, akiendelea kupima kifundo cha mtoto. "Aje ashike goti mwenyewe, atarudi kwenye kimo chake."

"Huwa wanarudi?"

"Inasemekana. Hapa sijamwona hata mmoja aliyekuja. Ila korido muiache wazi, mama. Mtoto akikosa pa kutembea, goti litakaza tena."

Baba alipoambiwa alicheka kwa upole kutoka huko juu. "Mambo ya magoti ni yenu wanawake. Mimi na kazi zangu hizi?"

Basi mama na binti wakaficha maendeleo ya goti, hongera zisipatikane. Baba akiwa kazini, Chiriku alitembea korido nzima akipiga domo. Baba akirudi, alimkuta mtoto kwenye kiti chake cha magurudumu, kimya. Majirani wakiuliza, mama alijibu, "Tuko vilevile." Baba akaacha kurefuka. Lakini kumwona Chiriku, mtoto asiyejua kunyamaza, akiwa ameufumba mdomo namna ile kulimuuma mama kuliko siku zote za goti gumu.

Kumbe pole nazo zina lishe. Jumapili moja shangazi alikuja na wafanyakazi wenzake baba kumfariji. Walimkuta amejinyoosha koridoni, wakakaa sebuleni na kuzungumza naye kupitia mlangoni.

"Pole sana kaka. Mwingine angekimbia."

"Una moyo, bwana."

"Navumilia tu," alisema baba, na miguu yake ikasogea taratibu, ikajaza korido ukuta kwa ukuta. Hapakubaki hata pa kuweka unyayo.

Chiriku aliitazama miguu ile. Aliinuka kitini, akashika ukuta, akainua mguu juu ya muundi mmoja wa baba yake, akauvuka. Akauvuta mguu wake wa pili, akavuka na muundi ule mwingine. Akafika mlangoni, akaufungua, akatoka nje kwenye jua. Mama alijiziba mdomo kwa viganja viwili, akikizuia kigelegele, machozi yakimtoka.

Shangazi aliona.

"Kaka! Mtoto anatembea! Hongera!"

Wageni wote wakasimama kumpa baba mkono. Baba aliinuka kuwapokea, bati moja la paa likang'oka, kichwa kikatokea nje. Wapita njia walimwona huko juu, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakampungia na kumpongeza. Alikuwa akiwashukuru upande huu na upande ule. Chini hakutazama.

Uani, Chiriku alikuwa amefika kwenye kamba ya nguo, akilisimulia shati moja habari zote alizokuwa amezifungia. Mama alimwangalia kutoka dirishani akijifuta macho kwa upande wa kanga.

"Wewe naye, wifi," shangazi alimgeukia, "mtoto anatoka peke yake unamwangalia tu? Akianguka je?"